Milango Miwili ya Behewa Namba 12

Hii ni hotuba niliyoitoa katika uwanja wa Makumbusho ya Reli, Nairobi, mbele ya wanafunzi wa useremala, walimu wao na wastaafu wenzangu wa reli. Nimeiandika kama nilivyoisema. Nilichoondoa ni kikohozi tu.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wazee wenzangu, na ninyi vijana mliokuja na madaftari, hamjambo?

Nimepewa nusu saa. Waliowahi kufanya kazi karakana wanajua kwamba sisi hatuwezi kumaliza jambo kwa nusu saa, maana kule sauti ya mtu ilishindana na nyundo na kila neno lilirudiwa mara tatu. Nitajitahidi nisirudie. Mkinisikia napaza sauti msidhani nimekasirika, ni masikio ya karakana hayo.

Behewa lililo nyuma yangu ndilo Namba 12. Wengi wenu mmelipita, mkalipiga picha moja, kisha mkaharakisha kwenda kwa wale mabwana wakubwa, Mount Gelai na Mount Shengena. Siwalaumu. Vichwa vya treni vya aina ile vilijengwa Manchester mnamo 1955 na 1956, vikawa 34, na vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimoja kina uzito unaopita tani 250. Ukisimama kando ya kitu kama kile unajihisi sisimizi. Ukisimama kando ya hili letu unajihisi umesimama kando ya kibanda cha askari wa zamu. Ni dogo, ni la mbao, halina makuu. Lakini mgeni akishuka kwenye teksi pale langoni, swali lake la kwanza si Mount Gelai. Anauliza: lile behewa la simba liko wapi?

Kwa hiyo leo tulisome behewa hili kama mafundi wanavyosoma kazi ya fundi mwingine. Msikilize milango. Hadithi yake ina milango miwili, na watu husimulia mmoja.

Kwanza tujue lilikuwa la kazi gani. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa 1896. Ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, ikaligusa ziwa pale Kisumu Desemba 1901. Jina lilikuwa la Uganda lakini treni ilikuja kufika Kampala 1931, hayo ni mambo ya wakubwa wa London, tuyaache huko huko. Njia nzima kati ya Mombasa na Nairobi ilikuwa pori na nyika. Afisa aliyetaka kukagua stesheni zake alifungiwa behewa nyuma ya treni, likavutwa hadi anakotaka kushuka, likafunguliwa na kusukumwa kwenye njia ya kando. Treni ikaenda zake. Yeye akabaki pale siku moja, siku mbili, mpaka ipite treni nyingine ya kumchukua. Behewa la ukaguzi lilikuwa chumba chake cha kulala, meza yake ya chakula na ofisi yake. Upande mmoja alikaa afisa. Upande wa pili, nyuma ya mlango wa ndani, walikaa watu wake wa kazi.

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Sikulala katika Namba 12, lakini katika ujana wangu nimelala katika mabehewa ya namna hii mara nyingi, tulipotumwa kwenda kutengeneza magari yaliyoharibikia njiani. Kichwa kikishaondoka na mlio wake ukapotelea mlimani, hapo ndipo mtu anapojua yuko peke yake. Kisha mbao zinaanza kusema. Mchana zimepata jua, usiku zinapoa, na kila kiungo kinalia kama mtu anayejinyoosha vidole. Usiku wangu wa kwanza niliamka mara sita. Na zama zetu mnyama wa kuogopwa alikuwa mwizi wa turubai.

Sasa twende Kima. Ni stesheni ya njia ya zamani, huko Ukambani, ukishapita Sultan Hamud kuja Konza. Kuna mzaha wa watu wa mjini kwamba mahali pale paliitwa Kima kwa sababu ya nyama ya kusaga, kutokana na yaliyompata bwana wa behewa hili, aliyeuawa na simba pale. Mimi sikubali. Jina la mahali pa Ukambani huulizwa Wakamba, haliulizwi wauza sambusa.

Jambo jingine ambalo wageni wengi huchanganya: simba wa Kima si wale wa Tsavo. Wale wa Tsavo walikuwa wawili, walisumbua wajenzi wa daraja kuanzia Machi 1898 hadi Desemba mwaka huo huo, Patterson, mhandisi wa daraja hilo, alipowapiga risasi mmoja baada ya mwingine. Ngozi zao ziliuzwa Chicago miaka ya 1920 na ziko huko hadi leo, zimejazwa na kusimamishwa ndani ya kioo. Patterson alikuja kuandika kwamba waliua watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na nywele za simba hao walitoa hesabu yao 2009, wakapata kama watu 35. Mnaweza kuchagua. Simba wa Kima ni mwingine kabisa, miaka miwili baadaye na karibu kilomita 200 mbele.

Kwa nini simba walizoea watu katika miaka ile? Wazee wa Ukambani hawahitaji mtafiti awaambie. Sotoka ilikuwa imepita miaka ya 1890, ikafyeka ng'ombe, ikafyeka na nyati porini. Ikafuata njaa ya 1898 na 1899, ile ambayo Wakamba huiita Ngomanisye. Ndui nayo ikaja. Watu walifia njiani na hakukuwa na mwenye nguvu ya kuchimba kaburi. Fisi na simba wakala walichokikuta. Mnyama aliyejifunza hivyo, halafu akaona reli inapita ikiwa imejaa watu wanaolala kwenye mahema, alifanya nini? Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Pale Kima alianza na stesheni yenyewe. Alipanda juu ya paa akawa anakwaruza mabati ili amfikie karani wa simu ya telegrafu aliyekuwa chini, na yule karani akabonyeza simu yake kuwaambia wakubwa kwamba simba anapigana na stesheni, leteni msaada upesi. Nacheka, lakini nadhani hakuna aliyewahi kuandika ripoti fupi na kamili kuliko ile. Kisha kulikuwa na dereva mmoja wa treni aliyejiona mjanja. Akaingia ndani ya tangi la maji la chuma, lenye tundu la mviringo juu, akakaa humo na bunduki amvizie. Simba akaja, akalipindua tangi, akaingiza mguu wake tunduni akawa anapapasa. Dereva alijibana kwenye kona, na tangi la mviringo, vijana, mnajua halina kona. Aliponea chupuchupu.

Hapo ndipo anapoingia Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli. Alikuwa anapanda kutoka Makindu kwenda Nairobi ndani ya behewa lake la ukaguzi, pamoja na wenzake wawili wa Ulaya, Huebner na Parenti. Walipofika Kima wakaambiwa simba alionekana muda si mrefu. Ryall akaamua walale hapo wamwinde. Behewa likafunguliwa, likasukumwa njia ya kando karibu na stesheni. Hiyo ni Juni 1900, mwaka mmoja tu tangu reli ifike Nairobi.

Walikagua vichaka mchana, hawakuona kitu. Wakala chakula cha jioni ndani ya behewa. Baada ya kula wakaona nje gizani vitu viwili vinang'aa bila kupepesa, wakasema ni vimulimuli. Nataka mkae na jambo hilo kidogo. Watu watatu wenye bunduki waliangaliana na simba na wakamwita mdudu.

Ryall akasema yeye atashika zamu ya kwanza, wenzake walale. Huebner akapanda kitanda cha juu. Parenti akajitandikia sakafuni, miguu ikielekea mlangoni. Ryall akakaa macho muda, hakuona kitu, akajilaza kwenye kitanda cha chini. Usingizi ukamchukua.

Mlango wa kwanza ni huu wa nje. Ulikuwa mlango wa kusukuma pembeni, unateleza juu ya mikondo ya shaba. Simba alipanda vidaraja viwili hadi kwenye ukumbi mdogo wa nje, akausukuma kwa kucha, mlango ukafunguka kwa ulaini. Seremala aliyeutengeneza alifanya kazi yake vizuri. Mlango mbovu, unaokwama na kupiga kelele, ungemwamsha Ryall. Nimewafundisha wanagenzi wengi kwamba mlango wa behewa ufunguke kwa kidole kimoja, na kila nikisema hivyo nilikumbuka Kima, nikanyamaza kidogo, halafu nikaendelea kufundisha hivyo hivyo.

Simba alipoingia, behewa liliinama. Hili wageni hawaliamini, lakini fundi analiamini. Reli ya njia ile ya kando ilikuwa mpya, udongo laini, haijashindiliwa sawasawa, na upande mmoja ulikuwa chini kuliko wa pili. Behewa dogo jepesi, limekaa juu ya springi zake, limeshaegemea upande. Mnyama wa kilo karibu 200 akirukia ndani, springi za upande ule zinalala. Na mlango unaoteleza haujui kitu kingine ila mteremko. Ukarudi wenyewe, ukajifunga, komeo likashika. Watu watatu na simba mmoja ndani ya chumba ambacho kingetosha meza ya pingpongi, na mlango umefungwa.

Simba alimkanyaga Parenti, ambaye alikuwa sakafuni, ili amfikie Ryall kitandani. Parenti akabanwa chini ya mnyama. Huebner alipoamka akaona yaliyo chini yake, na njia pekee ya kutoka ilikuwa mlango wa ndani, ule wa kwenda kwa watu wa kazi. Ili aufikie ilibidi aruke kutoka kitanda cha juu na kukanyaga mgongo wa simba. Alikanyaga. Simba hata hakugeuka, alikuwa na shughuli yake.

Huo ndio mlango wa pili, nao pia ulikuwa wa kusukuma. Huebner alipousukuma haukusogea. Upande wa pili watu wa kazi walikuwa wameshasikia kila kitu, na wameushika kwa mikono yote. Akasukuma kwa nguvu za mtu anayekufa, ukapata upenyo, akajipenyeza. Alipokwisha kupita, wale watu wakaufunga tena upesi kwa vilemba vyao.

Kisha likasikika pigo kubwa, dirisha likavunjika, simba akatoka na Ryall mdomoni. Parenti alipata nafasi, akaruka kwa dirisha la upande wa pili, akakimbilia majengo ya stesheni. Asubuhi waliyapata mabaki ya Ryall porini, kiasi cha nusu kilomita, wakayaleta Nairobi kuzika. Baadaye mfanyakazi mmoja wa reli alitengeneza mtego, simba akanasa, wakamwonyesha watu kwa siku kadhaa, halafu wakampiga risasi.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na mwandishi wake mkuu ni Patterson huyo huyo, katika kitabu kilichotoka 1907. Hakuwamo ndani ya behewa. Mimi pia sikuwamo. Kwa hiyo kama mnataka kubishana na simulizi, mnaruhusiwa.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa mwanagenzi, katikati ya miaka ya 1970, karakana ya hapa Nairobi. Tulikuwa tumechanganyika, Wakenya, Watanzania, Waganda, reli ikiwa moja. Mzee aliyetusimulia alipofika kwenye vilemba alicheka, na sisi tukacheka. Ilikuwa sehemu ya kuchekesha: watu wa kazi wamejawa na hofu, wanamfungia bwana mlango. Nimeisikia hadithi hii mara nyingi baada ya hapo, na kila msimulizi akifika hapo anatabasamu.

Mimi niliacha kucheka siku nilipokuwa natengeneza mlango wa ndani wa behewa moja la zamani, la daraja la pili. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka komeo, na msimamizi akaniuliza: hili komeo litafungwa kutoka upande gani? Swali la kawaida kabisa. Mlango wa kati lazima uamue nani anamfungia nani. Ndipo nikakumbuka vilemba. Nikasimama pale na patasi mkononi. Mlango wenye komeo hauhitaji kilemba! Kama watu wale wangekuwa na komeo upande wao, wangelisukuma tu, wakakaa. Hawakuwa nalo, au walilokuwa nalo halikufaa kitu. Huo ni ushahidi wa fundi, si wa karatasi, lakini mimi naukubali. Behewa moja, milango miwili. Mlango wa upande wa bwana ulikuwa na komeo lililojishika lenyewe. Mlango wa upande wa watumishi ulishikwa kwa mikono na nguo za kichwani.

Na fikirini kilemba ni nini. Si kofia. Ni kitambaa kirefu ambacho mtu anakifunga kila asubuhi kwa utaratibu wake, na mbele ya watu hakivui ovyo. Usiku ule walivua, wakafunga mpini wa mlango. Parenti alikuwa bado ndani, ndiyo. Ryall alikuwa bado ndani. Ninyi mngefanya nini? Msinijibu haraka. Mimi nimekaa na swali hilo zaidi ya miaka arobaini na sijapata jibu la kumpa mtu.

Ninachojua ni kwamba katika simulizi ya Patterson jina la Ryall limo, la Huebner limo, la Parenti limo. La watu wa vilemba halimo hata moja. Hata idadi yao hakuitaja. Wanaitwa tu makuli.

Reli hii ilijengwa na vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India, mbali na Waafrika waliofyeka njia na kubeba mizigo. Kati ya hao wa India walikufa 2,493, kwa malaria, kuhara, ajali, na wachache sana kwa simba. Gawanya kwa maili za reli, ni karibu watu wanne kwa kila maili moja. Sijui behewa hata moja duniani lililohifadhiwa kwa sababu kibarua alikufia ndani yake kwa kuhara. Simfanyii Ryall inda. Alikuwa na mama, na mama huyo aliomboleza kama mama yeyote. Nasema tu kwamba behewa hili liko hapa kwa sababu ya namna mtu mmoja alivyokufa, na kama angekufa kwa homa kitandani pale pale, mbao hizi zingekuwa kuni kabla babu zenu hawajaoa.

Maana hilo ndilo huwapata mabehewa. Watu wanadhani behewa kuukuu hupelekwa makumbusho. Behewa kuukuu hukatwa kwa gesi. Likibahatika, linaondolewa magurudumu na kuwekwa chini kando ya njia liwe stoo ya mataruma, au nyumba ya mlinzi, au duka la chai. Nimeona moja likiwa banda la kuku, na niwaambie ukweli, kuku wale walikuwa na madirisha mazuri kuliko nyumba yangu. Mimi behewa langu la kwanza kulipanda lilikuwa la daraja la tatu, nikiwa mtoto, na mama yangu, kutoka Voi. Viti vilikuwa vya mbao nyembamba zilizoachana nafasi. Tulifika Nairobi alfajiri nikiwa na mistari ya mbao mapajani, mama akanicheka akasema nimegongwa muhuri. Mzungu alikaa daraja la kwanza, Mhindi mara nyingi daraja la pili, sisi huko nyuma. Nilipoanza kazi nililitafuta behewa lile kwa namba, kwa sababu mama alikuwa ameikumbuka namba, msiniulize kwa nini. Nilichelewa. Lilikuwa limeshakatwa, na ekseli zake zilikuwa zimelala kwenye rundo na nyingine.

Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, reli ya Afrika Mashariki ikavunjika nayo. Wenzetu wakafunga masanduku ya zana wakarudi kwao. Makumbusho haya yalikuwa tayari yapo, yalifunguliwa 1971 reli ikiwa bado ya nchi zote tatu, ndiyo maana mkiingia humo ndani mtaona vitu vya Dar es Salaam na Kampala bila mtu kuuliza pasipoti. Mtaona pia kile kiti cha bustani walichokifunga mbele ya kichwa cha treni ili wageni wakubwa waangalie wanyama. Roosevelt wa Marekani alisafiri hivyo mbele ya treni 1909. Miaka tisa tu baada ya Ryall kutolewa dirishani, tayari wanyama walikuwa burudani ya mgeni.

Wanafunzi, sasa niseme lenu.

Mtu akisikia behewa la kale anadhani adui yake alikuwa simba. Simba alivunja dirisha moja, usiku mmoja. Adui wa behewa hili ni hewa ya Nairobi. Jua la Januari linakausha ubao, mvua ya Aprili inaulovya, na ubao ukivimba na kunywea miaka mia moja na zaidi, viungo vinafunguka. Rangi ikipasuka maji yanaingia nyuma yake na kukaa. Chini, mchwa wanasubiri. Mabehewa mengi ya zama zile yalijengwa kwa mbao za msaji kwa sababu msaji una mafuta yake, mchwa haupendi, maji hayaupenyi upesi. Lakini hata msaji unachoka, hasa chini ya madirisha, pale kioo kinapokutana na mbao. Ukitaka kujua afya ya behewa, usitazame ukuta, utauona mzuri. Bonyeza kwa ncha ya kisu chini ya dirisha. Kisu kikizama, una kazi ya miezi mitatu.

Na ubao ukioza, unafanya nini? Ukiutoa na kuweka mpya, umepunguza behewa la 1900 kwa ubao mmoja. Usipoutoa, ule wa jirani unaoza pia. Wafaransa walilikuta jambo hili kwa namna kali zaidi. Walikuwa na behewa namba 2419D ambamo Vita Kuu ya kwanza ilisimamishwa, Novemba 1918, katika msitu wa Compiègne. Hitler alilitoa makumbusho 1940 akawalazimisha watie saini humo humo kushindwa kwao, kisha akalipeleka Berlin. Mwaka 1945 Wajerumani wakalichoma. Baada ya vita Wafaransa walichukua behewa ndugu yake, la mtindo ule ule, namba 2439D, wakalibandika namba ya lile lililoungua. Wageni wanaingia hapo kila mwaka na kunyamaza kwa heshima. Kuna watakaosema ni udanganyifu. Mimi nimebadilisha mbao nyingi mno katika maisha yangu kuweza kuwahukumu.

Langu kwenu ni dogo. Mkipewa siku moja kazi ya kutengeneza behewa kama hili, kabla hamjagusa chochote, pigeni picha, na kila ubao mnaoutoa uandikwe nyuma yake ulitoka wapi, uwekwe stoo. Msiutupe hata ukiwa unga. Na msilainishe kila kitu. Nimeona kazi za kurekebisha vitu vya kale ambapo fundi amepiga msasa mpaka alama zote zikaisha, kikaonekana kimetoka dukani jana. Tundu la msumari ni maandishi. Ukiliziba, umefuta sentensi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nimeiona.

Mwaka 2017 nilipanda treni mpya ya Mombasa, mwezi wa pili baada ya kuzinduliwa. Haina neno, ni treni safi, inakwenda. Reli yake ni pana, milimita 1,435, ya zamani ni mita moja kamili, kwa hiyo hata tungetaka kumpeleka Namba 12 akaone nyumbani kwa njia hiyo, magurudumu yake yangeanguka katikati. Nilikaa dirishani upande wa njia ya zamani. Treni mpya inasimama Emali, haisimami Kima. Nilijitahidi nipaone, lakini kasi ilikuwa kubwa na mjukuu wangu alikuwa anataka soda. Nilipogeuka tulikuwa tumeshapita.

Basi simameni, tunyooshe miguu. Najua mnataka kuona dirisha la simba na mtaliona, halikimbii. Lakini leo tutazunguka upande wa pili kwanza, tukaanze na chumba cha watu wa kazi. Walio mbele wapishe wenye madaftari. Na wewe kijana mwenye tepu ya kupimia, njoo hapa karibu nami, nataka utupimie upana wa mlango.